Shajara ya mradi: mazungumzo ya tabibu na mgonjwa, mkoani Tanga

Januari

Kibali cha maadili kimetoka NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, barua ya Mganga Mkuu wa Mkoa tunayo, na waganga wafawidhi wa vituo vyote viwili wametupokea vizuri. Kimoja ni kituo cha afya cha pwani, kingine ni zahanati ya milimani, Usambara. Majina ya vituo hayatatajwa humu wala kwenye ripoti, ndivyo tulivyowaahidi watumishi na wagonjwa.

Swali la mradi ni hili: tangu mgonjwa anapoambiwa "karibu" mpaka anapoambiwa "kachukue dawa dirishani", nini kinasemwa, nini kinakatwa njiani, na mwenyewe anarudi nyumbani na nini kichwani? Tunarekodi sauti chumbani. Akitoka, tunazungumza naye kidogo nje. Baada ya siku kadhaa tunamfuata nyumbani, kama ametukubalia. Nawaambia wenzangu kila tukikaa: mradi ni hizo sehemu tatu kwa pamoja, hakuna hata moja inayotosha peke yake.

Kwenye kamati ya maadili, kilichojadiliwa kwa muda mrefu ni ridhaa. Mgonjwa aliyekaa kwenye benchi tangu alfajiri, anayemngoja muuguzi ampime presha, hawezi kumkatalia muuguzi huyohuyo akimwomba ashiriki utafiti. Kwa hiyo ridhaa itaombwa na msaidizi asiye mtumishi wa kituo, asiyevaa sare, na itaombwa mara mbili. Kabla ya kuingia, mgonjwa anatoa ruhusa ya kurekodi. Baada ya kutoka, anaulizwa tena kama rekodi ibaki au ifutwe, na akisema ifutwe inafutwa mbele yake. Kwangu mimi hiyo ruhusa ya pili ndiyo yenye uzito, maana hakuna ajuaye kabla ya kuingia atasema nini mle ndani. Mama amekuja kwa ajili ya kikohozi, anajikuta anaeleza mambo ya mumewe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka habari za afya kwenye fungu la taarifa nyeti. Sauti zote zinakaa kwenye diski yenye nywila, na majina yanaondolewa wakati wa kunukuu, yaani kuziandika sauti neno kwa neno. Asiyejua kusoma anasomewa fomu mbele ya shahidi anayemchagua yeye, kisha anaweka dole gumba.

Februari, kusoma waliotangulia

Mwezi huu umekuwa wa kusoma. Naandika hapa yale tu yanayogusa namna tutakavyofanya kazi.

Daktari wa watoto Barbara Korsch na wenzake, pale Los Angeles, walirekodi mahudhurio 800 ya watoto kliniki na kuchapisha matokeo mwaka 1968. Kabla ya hapo watu walikuwa wakibishana kuhusu maneno ya daktari kwa hisia, yeye akaweka kinasa sauti mezani, kisha akawauliza akina mama. Karibu nusu yao walitoka bado wakijiuliza ugonjwa wa mtoto umesababishwa na nini. Wapo waliotoka bila hata kuitaja hofu yao kubwa. Jambo hili la hofu isiyotajwa nimelipigia mstari kwenye daftari, kwa sababu hofu ya namna hiyo haimo kwenye rekodi. Huwezi kuisikia hata ukirudia mara ngapi. Lazima umuulize mwenyewe.

Uingereza, mwaka 1976, Byrne na Long walitoa uchambuzi wa mazungumzo yapatayo 2,500 ya madaktari wa kawaida, si wa hospitali kubwa. Waliyagawa katika hatua, kuanzia kusalimiana hadi kuagana, na wakatofautisha daktari anayeendesha mazungumzo kwa ajenda yake na yule anayemwacha mgonjwa alete yake. Mgawanyo huo bado unatumika.

Kisha ipo kazi ya Beckman na Frankel ya mwaka 1984, ambayo kila mwanafunzi wa fani hii hukutana nayo. Katika mahudhurio 74, wagonjwa 17 tu waliachwa wamalize maelezo yao ya mwanzo. Wengi walikatwa, kwa wastani baada ya sekunde 18. Utafiti uliofuata Marekani mwaka 1999 ulikuta sekunde 23. Madaktari hujitetea kwamba wakimwacha mgonjwa aseme hatanyamaza, foleni italala. Uswisi walilipima hilo. Langewitz na wenzake, hospitali ya Basel, mwaka 2002, waliwataka madaktari wamsikilize mgonjwa bila kumkatiza huku saa ikihesabu kwa siri. Kati ya wagonjwa 335, wastani wa kuzungumza ulikuwa sekunde 92, na asilimia 78 walikuwa wamemaliza ndani ya dakika mbili. Utetezi wa foleni ni wa kweli kwa daktari mwenye wagonjwa wengi, siupuuzi hata kidogo, lakini sasa tunajua gharama yake ni dakika mbili, si nusu saa.

Kwa Kenya nimepata kazi ya Young Mi Kim na wenzake ya mwaka 1999, waliochambua maandishi ya mazungumzo ya ushauri wa uzazi wa mpango. Inatia moyo kuona mtu ameshakaa na maneno ya kliniki za kwetu, mstari kwa mstari.

Kilichonifanya nibadili ratiba nzima ya kazi, hata hivyo, kimetoka hapahapa Tanga. Margaret Kruk na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, waliwauliza wanawake waliojifungua katika vituo vya wilaya mbili za mkoa huu kama walitendewa bila heshima: kufokewa, kupuuzwa, kupigwa. Walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, asilimia 19 na ushei walisema ndiyo. Sehemu yao walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, ikawa asilimia 28. Dar es Salaam, watafiti wengine walipata asilimia 15 kwa waliohojiwa saa chache baada ya kujifungua, na asilimia 70 kwa waliohojiwa wiki nne hadi sita baadaye. Hilo kundi la pili lilikuwa dogo, wanawake 64, kwa hiyo namba yenyewe isishikwe kama msumari. Ila mwelekeo ni uleule. Mtu akiwa bado yumo ndani ya uzio wa kituo, mtoto mikononi, kadi bado iko kwa muuguzi, hasemi anayoyasema akiwa jikoni kwake.

Kwa sababu hiyo nimeondoa kabisa swali la "umeridhika na huduma kwa kiasi gani?" kwenye karatasi ya mlangoni. Jibu lake tunalijua kabla hatujauliza. Mlangoni tutauliza mambo mawili tu: umeambiwa unaumwa nini, na umeambiwa ufanye nini. Mengine yote yanangoja nyumbani.

Februari, mwishoni

Tumejadili kama tutumie wagonjwa wa kuigiza, yaani watu waliofundishwa kujifanya wana ugonjwa fulani na kwenda kituoni bila tabibu kujua ni yupi. Njia hii ilianzishwa na Howard Barrows, California, mwaka 1963, kwa ajili ya kufundishia wanafunzi wa udaktari, na Nairobi imeshatumika kupima ubora wa huduma. Ni nzuri ukitaka kumlinganisha tabibu huyu na yule kwa ugonjwa uleule. Sisi tunataka kujua mgonjwa halisi anarudi na nini nyumbani kwake, na wa kuigiza hana nyumba ya kumfuata. Tumeiacha.

Shida iliyobaki ni ile ya mtu kubadilika akijua anatazamwa. Hapa tunao msaada kutoka Arusha. Kenneth Leonard na Melkiory Masatu, katika makala ya mwaka 2006, walionyesha jambo la werevu sana: waliwahoji wagonjwa waliokwisha kuonwa kabla timu ya watafiti haijafika, wakawalinganisha na walioonwa timu ikiwa mle chumbani. Ubora wa huduma ulipanda mara timu ilipoingia, kisha ukashuka taratibu, na kati ya mgonjwa wa kumi na wa kumi na tano tabibu akawa amerudi kwenye kawaida yake.

Kwetu hiyo imekuwa kanuni ya kazi. Kinasa sauti kinakaa chumbani siku nzima, na wagonjwa kumi na tano wa kwanza wa kila tabibu hawaingii kwenye uchambuzi. Nawasikiliza pia, kwa sababu wanaonyesha tabibu huyo anaweza kufika wapi akijitahidi. Hilo nalo ni jambo la kujua.

Machi, kurekodi kumeanza

Masika imekuja mapema milimani. Mvua ikipiga bati la zahanati, rekodi ni kelele tupu. Tumehamisha kinasa kutoka dirishani hadi katikati ya meza, juu ya kitambaa kilichokunjwa, na sauti imekuwa safi zaidi. Pwani adui ni mlango. Haufungwi. Muuguzi anaingia kuchukua vidonge, mtu anachungulia kuuliza kama zamu yake imefika, mwenzake tabibu anakuja kusaini karatasi. Mgonjwa huwa ananyamaza kila mlango ukifunguliwa, na mara nyingi haendelei pale alipoishia. Nimeongeza safu kwenye daftari la mtazamaji: mlango umefunguliwa saa ngapi, nani alikuwa anaongea.

Video hatutumii. Wagonjwa wengi tuliowauliza wakati wa maandalizi walikubali sauti lakini wakakataa sura, na sikuona sababu ya kuwabembeleza. Hasara ipo, tena kubwa. Christian Heath, Uingereza, katika miaka ya 1980 alionyesha kwa video jinsi mgonjwa anavyokatisha sentensi yake daktari anaposhusha macho kwenye karatasi, na kuendelea macho yakirudi. Sauti peke yake haina macho. Kwa hiyo msaidizi wetu mmoja anakaa pembeni chumbani, pale mgonjwa alipokubali, akiandika kitu kimoja tu: tabibu anaangalia wapi. Mgonjwa, kitabu cha MTUHA (rejesta ya takwimu za afya ya kituo), simu, dirisha. Basi.

Kitabu cha MTUHA kinachukua macho mengi sana. Sisemi kwa kulaumu. Tabibu asipokijaza mgonjwa akiwa mbele yake, atakijaza jioni kwa kukumbuka, na takwimu za wilaya zitaharibika.

Machi, unukuzi

Kunukuu kunakula muda kuliko nilivyopanga kwenye bajeti. Tunafuata mtindo uliobuniwa na Gail Jefferson, ambaye pamoja na Sacks na Schegloff waliweka misingi ya uchambuzi wa mazungumzo katika miaka ya 1960 na 1970: kila kusita kunaandikwa, kila maneno yanayopandana, kila kimya kinapimwa. Wanaonukuu kwa mara ya kwanza hutaka kusafisha. Wanafuta "mm", wanaondoa marudio, wanakamilisha sentensi iliyokatwa kwa sababu wanajua mgonjwa alitaka kusema nini. Nimewaomba waache kila kitu kama kilivyo. Sentensi iliyokatwa ndiyo tuliyoijia.

Aprili, mama wa mtoto mwenye homa

Hii naiandika kwa urefu. Mama ametoa ruhusa itumike, ikiwa ni pamoja na kumsikilizisha tabibu. Ni kituo cha pwani, asubuhi, foleni imefika nje ya ukumbi.

*Tabibu: Karibu mama. Mtoto anasumbuliwa na nini?*
*Mama: Shikamoo daktari. Homa. Ilimwanza juzi usiku, inapanda, mchana inashuka, sasa kwa vile mwaka jana ali—*
*Tabibu: Marahaba. Anatapika?*
*Mama: Hapana.*
*Tabibu: Anaharisha?*
*Mama: Haharishi.*
*Tabibu: Kikohozi?*
*Mama: Kidogo.*
*Tabibu: Haya, mpeleke maabara, ukirudi na majibu tutaona.*

Anarudi baadaye na karatasi ya kipimo cha haraka.

*Tabibu: Kipimo kinaonyesha hana malaria. Hii ni virusi tu, itaisha. Nampa dawa ya kushusha homa.*
*(kimya, sekunde tatu, tabibu anaandika)*
*Mama: Hana malaria.*
*Tabibu: Hana.*
*Mama: Haya. Sawa, daktari. Ahsante.*

Mlangoni alituambia: "Ameniambia mtoto hana malaria, ni virusi, nimpe dawa ya homa." Kila kitu sahihi. Kama tungeishia hapo, karatasi yake ingeingia kwenye fungu la walioelewa, na kitabibu mazungumzo haya hayana kasoro kubwa. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2010 linataka homa ipimwe kwanza ndipo dawa ya malaria itolewe, na tabibu alifanya hivyohivyo.

Tulipofika nyumbani, mtoto alikuwa anakimbiza kuku uani, mzima. Mama alitukaribisha kwenye mkeka. Msaidizi wetu, ambaye ni muuguzi, aliuliza dawa zilikwendaje. Mama akaingia ndani akatoka na chupa ya dawa ya homa, na pakiti ya dawa mseto ya malaria, tupu. Aliinunua duka la dawa muhimu njiani siku ileile, hata kabla ya kufika nyumbani.

Akaeleza bila wasiwasi wowote. Mwaka jana mtoto huyu alishikwa na homa ya kupanda na kushuka, akapimwa, akaambiwa hana malaria. Usiku ule akapata degedege. Walimbeba kwa pikipiki gizani hadi hospitali. "Nikajisemea, hata kama kipimo kimesema hana, mimi sirudii usiku ule."

Rudi sasa kwenye rekodi: *kwa vile mwaka jana ali—*. Pale ndipo degedege lilipokuwa linakuja. Alikuwa akilitaja kabla hata hajaulizwa. Likakatwa na swali la kutapika, ambalo nalo ni swali la lazima kwa mtoto mwenye homa. Halafu baada ya majibu kuna zile sekunde tatu, na mama akarudia neno kwa neno alichoambiwa. Hakuuliza. Mgonjwa wa kwetu mara nyingi hamhoji daktari uso kwa uso, na mama huyu alifanya kile adabu inachoruhusu: alilirudisha neno mezani, akangoja kama litachukuliwa. Tabibu akajibu "Hana", akafunga.

Miaka ya 1990 Peter Winch na wenzake walifanya kazi Bagamoyo wakaeleza jinsi wazazi walivyoitenga degedege na homa ya malaria, kama ugonjwa unaojitegemea wenye chanzo chake na matibabu yake. Mama huyu wa kwetu ameziunganisha mwenyewe: homa hii huleta degedege, dawa mseto huzuia. Kwa akili ya mama, alichofanya ni cha busara kabisa. Dawa haikuhitajika, pesa imetoka bure, lakini hakuna mahali popote katika mazungumzo yale alipopewa sababu ya kutoogopa. Naona uchungu kila nikiisikiliza, kwa sababu kila mmoja mle chumbani alimtakia mtoto mema.

Itifaki inatutaka tusiondoke pasipo kueleza tukikuta hatari. Muuguzi wetu alikaa naye akamweleza dalili za kumrudisha mtoto haraka, na akamwambia kuwa akifika kituoni ataje degedege kwanza, kabla ya homa.

Aprili, dirisha la dawa

Jambo dogo limejirudia kwenye nyumba kadhaa. Bahasha ya dawa imeandikwa 1 × 3, na dirishani mgonjwa ameambiwa "kimoja kutwa mara tatu, baada ya kula". Mzee mmoja wa pwani anakula mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Kwa hiyo anameza mara mbili. Ametii agizo la chakula, akaacha la idadi, kwa kuwa yote mawili kwa pamoja hayawezekani nyumbani kwake. Hakuna aliyemuuliza anakula mara ngapi.

Dirishani haturekodi, kwa vile walio nyuma kwenye foleni wanasikia kila kitu na hatukuwaomba ridhaa. Ila msaidizi anaandika kama mtoa dawa alimwomba mgonjwa arudie maelekezo kwa maneno yake. Utafiti wa Schillinger na wenzake, San Francisco, mwaka 2003, ulikuta madaktari wa wagonjwa wa kisukari wanafanya hivyo katika moja ya kila mahudhurio matano. Kwetu mpaka sasa ni nadra kiasi kwamba ikitokea wasaidizi wanakuja kuniambia.

Mei, usimbaji

Tumeanza kusimba kwa mfumo wa RIAS, alioubuni Debra Roter katika miaka ya 1970 na kuuendeleza Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Kila kauli, hata ya neno moja, inapewa fungu: swali la wazi, swali la ndiyo au hapana, kutoa habari, kukubali, kuonyesha kujali, na kadhalika. Mwishoni unapata hesabu, na hesabu hiyo inaweza kulinganishwa na ya kliniki yoyote duniani. Hiyo ndiyo nguvu yake, na ndiyo sababu hatuuachi.

Nilimpa kila msimbaji mazungumzo ya mama wa homa bila kumwambia ya nyumbani. Wote wawili walileta jedwali karibu moja: maswali ya tabibu, majibu ya mama, habari ya kipimo, mama amekubali, mama ameshukuru. Jedwali hilo ni zuri. Ukiliangalia peke yake ungesema mgonjwa na tabibu wameelewana. Ile sentensi iliyokatwa imehesabiwa kama "mgonjwa ametoa habari". Kurudia kwa mama, "Hana malaria", kumehesabiwa kama kuhakikisha alichosikia. Sekunde tatu hazina fungu.

Kwa hiyo tunafanya yote mawili. RIAS kwa mazungumzo yote, na uchambuzi wa mfuatano, yaani kufuata kauli moja baada ya nyingine kwa mtindo wa akina Sacks, kwa sehemu mbili tu za kila mazungumzo: maelezo ya mwanzo ya mgonjwa, na dakika ile majibu ya kipimo yanapotolewa. Hizo mbili ndizo mahali mambo yanapoharibika, kwa kadiri nilivyosikiliza hadi sasa.

Makubaliano kati ya wasimbaji tunayapima kwa kapa ya Cohen, kipimo cha takwimu kinachoondoa kukubaliana kwa bahati tu. Maswali na majibu hayana ubishi. Fungu la kuonyesha kujali ndilo linalovuta chini, kwa sababu ya "pole". Tabibu humpa pole kila anayeingia, na pia humpa pole aliyetoka kusema amefiwa. Tumekubaliana: pole ya kupokelea inahesabiwa salamu, na ile inayokuja mara baada ya mgonjwa kutaja shida yake inahesabiwa kujali. Tunasimba upya mafaili ya mwanzo kwa kanuni hiyo.

Kuna na salamu zenyewe. Pwani, tabibu kijana anapomwamkia mzee "shikamoo" kabla ya kumkaribisha kiti, mzee hukaa na kueleza kwa kirefu. Mzee akimwahi tabibu yeye kwa shikamoo, ya kumheshimu daktari, majibu yake yote yanayofuata huwa mafupi. Sijalipima, nimelisikia tu, na ningependa mwanafunzi alichukue kama kazi yake mwenyewe.

Mei, kumsikilizisha tabibu

Tabibu wa pwani amekuja baada ya zamu, amechoka, akavaa vipokea sauti. Tulimpa rekodi kwanza bila maelezo. Kwenye zile sekunde tatu alinyoosha mkono akaomba irudiwe. Akasikiliza tena. "Hapa nilikuwa kwenye kitabu," akasema. Tukampa habari ya nyumbani. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema jambo ambalo nimeliandika lilivyo: "Angenitajia degedege nisingemwachia aondoke hivihivi. Ningemweleza." Msaidizi wetu akarudisha rekodi mwanzoni, kwenye *mwaka jana ali—*. Tabibu hakusema kitu, akatikisa kichwa.

Nataka ieleweke kwa atakayesoma shajara hii akiwa ofisini: huyu ni tabibu mzuri. Aliamkiwa akaitikia, aliuliza yanayopaswa kuulizwa, alipima, hakutoa dawa isiyohitajika. Foleni yake ingemshinda yeyote. Kama ripoti yetu itatumika kumwita mtu barazani na kumkaripia, tutakuwa tumevunja ahadi tuliyompa alipotufungulia mlango wake. Ndiyo maana mrejesho unakwenda kwa tabibu mwenyewe, na kwa wakubwa zinakwenda namba za pamoja tu.

Pendekezo lililotoka kwake mwenyewe: kabla ya kumtuma mgonjwa maabara, aulize swali moja, "Wewe mwenyewe unahofia nini?" Halafu akirudi na majibu, azungumzie hofu hiyo kwa jina lake. Arthur Kleinman na wenzake walishauri maswali ya aina hii tangu mwaka 1978, kwa wagonjwa wa tamaduni mbalimbali. Sikumtajia hilo siku ile, maana wazo lilikuwa lake na nilitaka abaki nalo. Awamu ya pili tutalijaribu kwenye kituo hiki, tuone kama muda unaongezeka, na kama pakiti za dawa mseto zinapungua majumbani kwa watoto ambao kipimo kimesema hawana malaria.

Juni

Milimani limejitokeza jambo ambalo itifaki haikulipangia. Wazee wengi wanaeleza ugonjwa kwa Kisambaa, na tabibu aliyepangiwa zahanati hiyo ametoka mkoa mwingine. Mjukuu ndiye anayetafsiri. Bibi anasema maneno mengi, mjukuu anatoa sentensi moja: "Anasema mgongo." Tabibu anauliza, mjukuu anajibu mwenyewe bila hata kumgeukia bibi. Katika rekodi moja bibi anasikika akimkatalia mjukuu, kwa sauti ya juu, na tabibu anaendelea kuandika kwa sababu hakuelewa kwamba anakataliwa.

RIAS ina nafasi ya mtu wa tatu aliyemsindikiza mgonjwa, lakini kamati ilitupa kibali cha kuomba ridhaa ya watu wawili tu, tabibu na mgonjwa. Mjukuu naye ana sauti mle ndani, na wengine hawajafika miaka 18. Wengine wanatafsiri mambo ya mwili wa bibi yao ambayo bibi asingependa wayasikie. Hilo la mwisho limenisumbua kuliko yote mwezi huu, na sidhani linatatuliwa kwa fomu.

Tumewasilisha marekebisho ya itifaki: ridhaa ya msindikizaji, ridhaa ya mzazi kwa msindikizaji mdogo, na mnukuzi mzaliwa wa Lushoto anayeandika Kisambaa na Kiswahili kwenye mistari miwili sambamba. Mganga mfawidhi ameomba pia kwamba muuguzi mmoja wa zahanati, ambaye ni mwenyeji, awe anaitwa chumbani mzee akihitaji, na ameanza kufanya hivyo bila kutungoja sisi. Mpaka kamati itakapojibu, mgonjwa aliyekuja na mkalimani harekodiwi. Pwani kazi inaendelea kama kawaida, na swali la hofu linaanza kutumika Jumatatu.